Dadu Zikishaanguka



Kuna padre mmoja aliyesoma Roma. Mezani kwake kuna ubao wa nardi, mchezo ambao wengine mnaujua kwenye simu kwa jina la backgammon. Alipewa na rafiki yake Mwirani.

Mara ya kwanza nilidhani zile nyota ndogondogo zimechorwa. Padre akacheka. Ufundi huo unaitwa khatam, na miji ya Shiraz na Isfahan inasifika kwa kazi hiyo. Fundi anachonga vijiti vyembamba vya mbao na vya mfupa wa ngamia, anaviunga na waya za shaba kwa gundi hadi viwe fungu moja gumu. Ukilitazama kwa ubavu huoni kitu, ni vijiti tu. Akilikata kwa kukingama, vipande vyembamba kabisa, ndipo nyota inatokea. Vipande hivyo ndivyo anavyobandika ubaoni na kuvisugua ving'ae. Hapo hakuna cha bahati, kila kijiti kimepimwa. Halafu juu ya kazi yote hiyo, jamani, watu wanarusha dadu!

Hadithi ya kale ya Waajemi inasema mfalme wa India alimpelekea mfalme Khosrow mchezo wa sataranji uwe fumbo. Waziri Bozorgmehr akalifumbua, kisha akajibu kwa kubuni nardi: ubao ni dunia, kete 30 ni siku za mwezi, nyeupe mchana na nyeusi usiku, na dadu ni mzunguko wa nyota unaotawala mambo ya watu. Ni hadithi tu, lakini iliniuma. Kama nyota ndizo zinazoamua, mchezaji anafanya nini pale?

Nilipata jibu kwa kufungwa michezo minne mfululizo. Dadu zinakupa namba. Hazikuambii usogeze kete ipi. Ukiiacha kete moja peke yake, mwenzako anaipiga, inaanza upya. Zikikaa mbili pamoja, haziguswi. Mimi nilikuwa nalalamikia dadu, Padre anaangalia kete zangu.

Bibi yangu alifariki mwaka juzi. Aliugua miezi mitatu, nami sikwenda. Msibani nikawaambia watu, “Mungu hakupanga tuonane.” Wakaitikia, maana ni neno la kawaida kwetu. Kweli nauli sikuwa nayo na mitihani ilikuwa imekaribia. Hizo zilikuwa dadu zangu. Lakini simu nilikuwa nayo. Vocha nilikuwa nayo, yaani mechi za Ulaya nilikuwa naziangalia kwa hiyohiyo.

Mtakatifu Thoma wa Akwino anafundisha kwamba maongozi ya Mungu hayafuti uhuru wetu wala hayaondoi bahati duniani. Darasani niliandika hoja hiyo vizuri tu, nikapata alama nzuri. Sikuona kwamba ile sentensi yangu ya msibani ilikuwa inamsingizia Mungu uvivu wangu.

Niliipeleka kwenye kitubio. Halafu nikampigia mama mdogo, yule aliyemuuguza bibi peke yake miezi yote ile. Hakuuliza kwa nini nimekaa kimya. Tuliongea karibu saa nzima, na sehemu kubwa ilikuwa habari za mahindi.