Je, Fundi Aponyaye Bila Kujua Amefanya Kazi?

Liko swali ambalo wenye motakaa za zamani hulijadili mara nyingi, hapa Madimba na kote katika mwambao wa Mtwara, nalo lastahili kupimwa kwa makini. Motakaa inamisi, yaani mtambo wake unakatakata na kutetemeka. Leo unakwenda vema, kesho unasumbua. Mwenyewe huipeleka kwa fundi. Fundi hubadili plagi, na ugonjwa hauondoki. Hubadili waya za plagi, kisha koili, kisha pampu ya petroli. Mwisho mtambo hutulia, naye hudai ujira wake pamoja na bei ya spea zote. Je, fundi huyo ametimiza kazi yake? Wengi husema, Naam, kwa kuwa motakaa imepona. Mimi nasema sivyo, na sababu zangu ni hizi.

Kwanza tuufahamu ugonjwa wenyewe. Tangu Mjerumani Nikolaus Otto alipounda mtambo wake wa mapigo manne mwaka 1876, njia ni ile ile: silinda huvuta hewa na mafuta, pistoni huvibana, cheche huviwasha, na moshi hutolewa nje. Silinda moja ikikosa kuwaka, mtambo humisi. Sababu za kukosa kuwaka ni nyingi, lakini karibu zote hurudi katika mambo matatu: cheche ni dhaifu, au mafuta na hewa havikuchanganyika kwa kipimo, au mbano umepungua kwa kuwa valvu, ringi au gasketi inavujisha.

Kwa hiyo fundi wa kweli huanza kwa kuuliza. Inamisi lini? Ikiwa ni asubuhi yenye umande, na jua likipanda hupona, yamkini unyevu umeingia ndani ya kifuniko cha distribyuta, au chumvi ya bahari imekula viungo vya waya. Ikiwa ni baada ya mtambo kupata moto, yamkini koili inashindwa na joto. Ikiwa ni penye mzigo na mwinuko tu, kama wakati wa kupanda kwenda Newala, cheche dhaifu yashukiwa, maana hewa iliyobanwa sana ni ngumu kwa cheche kuivuka.

Kisha, mtambo ukiwa unanguruma, huchomoa waya za plagi moja baada ya moja, kwa koleo isiyopitisha umeme. Sauti ikizidi kuharibika, silinda ile ilikuwa ikifanya kazi. Isipobadilika, amempata mvivu. Hata hivyo hahukumu bado. Huihamishia plagi ya silinda ile katika silinda nyingine. Kosa likiifuata plagi, plagi ni mbovu. Likibaki pale pale, plagi haina hatia. Tena hubadili kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, maana akibadili vitatu pamoja hatajua kamwe ni kipi kilichoponya.

Asiyepima hivyo humlaumu aliyefika mwisho. Sisi wa Madimba tunao mfano wake. Tangu mwaka 2015 gesi ya Mnazi Bay husafishwa hapa kijijini na kupelekwa kwa bomba hata Dar es Salaam, na huko motakaa nyingi zimetiwa vifaa vya kutumia gesi pamoja na petroli. Sasa, gesi hutaka cheche yenye nguvu kuliko petroli. Motakaa yenye plagi zilizochakaa yaweza kuuficha udhaifu wake siku nyingi kwa petroli, lakini ikitiwa gesi humisi mara. Mwenyewe hulia, Gesi imeniharibia mtambo! Kumbe gesi haikuleta ugonjwa, imeufichua. Ni kweli, vifaa vikifungwa vibaya navyo huleta ugonjwa; ndiyo maana hapana budi kupima kabla ya kulaumu.

Mtu atasema, Mimi nataka dawa, sina haja ya sababu. Lakini tuangalie plagi iliyolowa oili. Ukitia mpya, mtambo utakwenda vema siku chache. Nawe hukuponya, kwa kuwa ringi zilizochakaa zinapitisha oili vile vile. Mnunuzi amepewa siku, akalipishwa bei ya uzima. Tena kijana ajifunzaye kazi hapo karakana hakufunzwa ila kukisia.

Mwingine atasema ya kuwa ugonjwa ujao na kuondoka ni mgumu, na fundi hana budi kujaribu. Nakubali. Kujaribu si kosa. Kosa ni kuuza jaribio kwa jina la ujuzi. Fundi na aseme waziwazi, Sijajua bado, nataka kujaribu koili hii. Na akiona koili ya kwanza haikuwa mbovu, airudishe mahali pake, wala asimtoze mtu bei ya ile mpya.

Naye mwenye motakaa ana wajibu wake. Mwaka 2010 EWURA ilianza kutia vinasaba katika mafuta, ili petroli iliyochanganywa ijulikane. Basi aliyenunua petroli ya rahisi katika madumu ya njiani, akamficha fundi, asishangae akibadilishiwa spea nzima. Mficha maradhi, kilio humfichua. Wala asidai motakaa iwe tayari jioni ile ile, kwani amharakishaye fundi humlazimisha kukisia.

Kwa hiyo, msomaji, siku ya kulipa omba upewe mkononi kila kitu cha zamani kilichotolewa, na uulize kila kimoja kilikuwa na kosa gani. Fundi aliyeijua sababu hataona haya kukueleza.