Mjukuu Wangu, Usinunue Mlinzi wa Kelele

Mjukuu wangu, nimesikia unataka kufunga fayawoli, yaani mlinzi wa mtandao, hapo nyumbani Mwazye. Mbele kuna kibanda cha wakala wa pesa, chumba cha nyuma amepanga mwalimu, watoto wana simu zao, na wote mnavuta intaneti kwenye ruta moja. Umewaza vizuri. Kinachonitia hofu ni ile kompyuta kuukuu ya mezani uliyoiona Sumbawanga mjini kwa bei ya kutupa, unayotaka kuipa kazi hiyo.

Usiinunue, mwanangu. Nakusihi, usiinunue.

Njia hiyo nimeona wengi wakiipita na najua inakoishia. Kompyuta ile ina feni. Mchana hutaisikia, kwa sababu mashine ya kusaga inanguruma na redio inaimba. Usiku, kijiji kikishalala, mvumo wake utajaa nyumba nzima. Mtavumilia siku za mwanzo. Halafu mama yako atasema izimwe wakati wa kulala. Asubuhi mtu atasahau kuiwasha, mteja yuko dirishani anataka kutoa pesa, na wakala atachomoa waya kwenye fayawoli auchomeke moja kwa moja kwenye ruta. Mambo yatakwenda. Na kwa kuwa yamekwenda, hakuna atakayeurudisha ule waya.

Mlinzi anayenyima watu usingizi hufukuzwa na wenye nyumba wenyewe. Ukimya wa kifaa hiki, mjukuu wangu, ni sehemu ya ulinzi wake, maana fayawoli iliyozimwa haimlindi mtu.

Na vumbi je? Wewe umekulia Ufipa, unajua kiangazi kinavyokuwa hadi mvua zinapoanza. Fungua kompyuta yoyote iliyokaa mwaka mzima kwenye nyumba yenye jiko la kuni. Utakuta kati ya mapezi ya kipoza joto kumejaa uchafu wa kijivu, umegandamana na masizi mpaka hewa haipiti. Feni huzidi kuzunguka kwa nguvu, hulia, kisha beringi zake huchoka na inasimama. Prosesa inachemka, mashine inajizima yenyewe, na wewe uko chuoni Mbeya.

Sasa tuhesabu umeme. Kompyuta ya namna ile inaweza kula wati 80 hata ikiwa haina kazi kubwa. Iache usiku na mchana kwa siku 30, imekula uniti 57 na ushee. Mteja mdogo wa TANESCO hununua uniti 75 za mwezi kwa shilingi 100 kila moja kabla ya makato. Akivuka hapo, kila uniti ya ziada ni shilingi 350. Taa, televisheni na simu za watu zitagawana nini? Baba yako atakapoona LUKU inakwisha kabla ya mwezi, atatafuta mwizi wa umeme, na atamkuta pale pembeni anavuma.

Nunua kikasha kidogo kisicho na feni, chenye mwili wa alumini wenye mbavu zinazotoa joto. Baridi ya uwanda wetu itakusaidia. Tafuta chenye prosesa kama Intel N100, iliyotoka mwaka 2023: ina viini vinne, na kikasha kizima kikiwa na kazi ya kawaida hula kama wati 10 hadi 15. Hizo ni uniti 7 mpaka 11 kwa mwezi. Hata umeme ukikatika, betri ndogo ya sola itakibeba muda mrefu.

Utaniambia, babu, laini yetu ni 4G tu, nguvu yote hiyo ya prosesa ni ya nini? Kupitisha data peke yake ni kazi nyepesi. Lakini utataka ichuje anwani za wahalifu, utataka programu ya Suricata ikague kinachoingia, na mwalimu ana VPN ya kazini inayotaka data isimbwe na kusimbuliwa kila sekunde. Prosesa dhaifu hapo inakabwa. Video ya mtoto ikianza kukwama, atawasha hotspoti ya simu yake na kuwagawia wenzake, na mlango mwingine umefunguka bila wewe kujua. Kwa hiyo angalia prosesa iwe na AES-NI, yaani uwezo wa kusimba data ndani yake, RAM isipungue GB 8, na diski iwe SSD. Usiweke mfumo kwenye memori kadi ya simu; kuandika kwingi kutaiua.

Angalia sana bandari za mtandao. Vijana wengi hulia hapa. Programu za fayawoli za OPNsense na pfSense zinatolewa bure, lakini zimejengwa juu ya mfumo wa FreeBSD, na FreeBSD imekuwa ikisumbuana na kadi nyingi za Realtek: leo laini iko, kesho imekufa mpaka uwashe upya. Chukua kikasha chenye kadi za Intel, i226 kwa mfano. Zile i225 za matoleo ya mwanzo zilikuwa na kasoro iliyopoteza data, na muuzaji hatakuambia. Wakati wa kufunga mfumo chagua mfumo wa faili wa ZFS, maana umeme wetu unakatika bila kuaga.

Na radi, mwanangu. Wewe ni mtoto wa Rukwa, sina haja ya kukusimulia. Kama una antena juu ya paa, iunganishe na waya wa ardhi kabla waya wake haujaingia ndani.

Kwa nini nakusumbua hivi? Kwa sababu nyumba isiyo na mlango hutumwa kuiba kwa jirani. Mwaka 2016 programu iitwayo Mirai iliingia kwenye kamera na ruta za watu wa kawaida duniani kwa kujaribu nywila za kiwandani tu. Mwaka huohuo Mwingereza mmoja alilipwa akatumia jeshi la vifaa vya namna hiyo kuishambulia Lonestar, kampuni ya simu ya Liberia, na mahakama ya London ikamfunga miezi 32 mnamo Januari 2019. Wenye zile kamera hawakujua kitu. Mwaka 2018 ikaja zamu ya ruta za MikroTik, hizi ambazo wauza waifai wetu wanazipenda. Kampuni ilitoa tiba mwezi Aprili, lakini miezi mingi baadaye ruta kwa maelfu zilikuwa zikichimba sarafu za wezi, kwa sababu wenyewe hawakusasisha.

Basi nakuomba, badilisha nywila siku ya kwanza. Sasisha kila mwezi. Tenga mtandao wa kibanda na wa watoto, kila mmoja na wake.

Wala usimdanganye mama yako kwamba sasa yuko salama kwa kila kitu. Ripoti za TCRA, mamlaka ya mawasiliano, zimekuwa zikiutaja mkoa wetu, pamoja na Morogoro, miongoni mwa inayoongoza kwa majaribio ya utapeli wa simu. Ule ujumbe wa "ile pesa tuma kwenye namba hii" haupiti kwenye fayawoli yako. Huo unazuiwa kwa kumkalisha mama chini na kumfundisha, na kazi hiyo ni yako pia.

Mjukuu wangu, kabla hujatuma hata shilingi kwa muuzaji, nitumie picha ya kikasha mbele na nyuma, pamoja na jina la prosesa na la kadi za mtandao. Nijibu kwanza, ndipo ulipe.