Bwawa Lijengwe kwa Ajili ya Nani?

Siku moja niliwapa wanafunzi wangu wa Pumwani kazi ya kuchora bwawa la kuogelea lifaalo mashindano makubwa ya mataifa. Karibu wote walianza na viti vya wageni, bendera na mlango wa waheshimiwa. Msichana mmoja alianza na kibwawa cha maji yafikayo kiunoni, akaandika kando yake: "Hapa ndipo tutakapojifunzia." Wenzake walimcheka. Nami, nakiri, nilitabasamu pamoja nao. Lakini usiku ule mchoro wake haukunitoka akilini.

Waliomcheka hawakukosa hoja. Heshima ya mwenyeji ni kitu cha thamani. Nairobi ilipoandaa Michezo ya Afrika Nzima katika mwaka wa 1987, uwanja wa Kasarani, uliojengwa kwa msaada wa China, ulitutia fahari isiyopimika kwa shilingi. Huko Kasarani liko pia bwawa la mita 50, wala si safari ya siku nzima kutoka kwetu. Hata hivyo, nilipouliza darasani ni nani aliyepata kuingia humo, mkono mmoja tu uliinuliwa. Nauli, kiingilio, vazi la kuogelea, mtu wa kufundisha: kila kimoja ni mlango mwingine uliofungwa.

Hebu tufanye hesabu. Bwawa lenye urefu wa mita 50, upana wa mita 25 na kina cha mita 2 huchukua lita 2,500,000, yaani mitungi 125,000 ya lita 20. Mtoto ambaye mama yake hununua maji kwa mtungi ana haki ya kuuliza yanakwenda kwa nani. Husemwa, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Basi mwenyeji aponeje, ikiwa bwawa ni kama vile vikombe vya kabatini ambavyo watoto wa nyumba hawaruhusiwi kuvigusa?

Huko Ufaransa, kituo cha kuogelea cha Michezo ya Olimpiki ya 2024 kilijengwa Saint-Denis, kando ya Paris, katika jimbo ambalo karibu nusu ya watoto waingiao sekondari walikuwa hawajui kuogelea. Viti vilikuwa 5,000 wakati wa michezo. Baadaye vikapunguzwa hata nusu, na katika mwaka wa 2025 raia wakafunguliwa milango. Mbio zenyewe za kuogelea ziliwekewa bwawa la muda katika uwanja mwingine. Kweli, wao wana fedha kutushinda. Lakini swali la nani atakayeogelea wageni wakishaondoka haligharimu kitu kuulizwa mapema, kabla ya shimo kuchimbwa.

Nilimrudishia msichana yule mchoro wake, nikamwagiza aongeze mshahara wa mwalimu wa kuogelea, gharama ya dawa ya maji, na kiingilio. Alileta yote, ila mahali pa kiingilio palikuwa patupu. "Mwalimu," aliniuliza, "tuandike shilingi ngapi?"