Mgeni Asiyeudhi

Maji yanapokupwa katika Ghuba ya Chwaka, bahari hurudi nyuma mpaka macho yakachoka kuifuata, ikaacha uwanja wa mchanga na matope wenye vichuguu vidogo vidogo. Chini ya vichuguu hivyo wamo kamba wachimbaji, ambao karibu umri wao wote hupita ndani ya mashimo waliyoyachimba wenyewe. Udogoni tulivikanyaga tukenda zetu, bila ya kujiuliza nani amejenga humo.

Ukubwani ndipo nilipojifunza kwamba katika pwani nyingi za dunia mashimo ya kamba kama hao huwa na mpangaji: kaa mdogo, pengine hazidi ukucha wa kidole. Kamba huchimba, huimarisha kuta, na hupepea kwa miguu yake ya tumboni ili maji yapite shimoni. Maji hayo humletea pumzi na chakula, na kaa naye hupata fungu lake, juu ya maficho. Wataalamu wamechunguza, na mara nyingi hawakuona kwamba kaa huyo anamdhuru mwenyeji wake, wala kwamba anamfaa. Anakaa tu.

Lakini kaa hazaliwi mpangaji. Mama yake hubeba mayai chini ya tumbo, na yakianguliwa, anayetoka hafanani na kaa hata kidogo. Ni kiluwiluwi mwenye macho makubwa na miiba, anayechukuliwa na maji. Huitwa zoea. Jina hilo lilitolewa na Mfaransa Bosc mwaka 1802, akidhani ni mnyama wa aina ya peke yake. John Vaughan Thompson, daktari wa jeshi la Uingereza aliyewahi kutumika Morisi na Bukini, ndiye aliyeonyesha huko Ireland, katika miaka ya 1820, kwamba zoea ni mtoto wa kaa; na wako waliombishia.

Zoea hujivua gamba mara kadhaa, kisha huwa megalopa: ana magando tayari, lakini mkia bado umenyooka nyuma. Ndipo huteremka chini kutafuta makaazi. Mikondo imekwisha mtenga na alikotoka, na shimo aliloishi mama yake si urithi wake. Wengi huliwa njiani. Anayefika hubisha hodi kwa asiyemjua.

Nami nilibisha hodi namna hiyo. Nilikuwa na miaka kumi na miwili nilipoletwa mjini kusoma, nikawekwa Malindi kwa shangazi yangu, ambaye mpaka siku ile nilimjua kwa jina tu. Nilikaa kwake miaka sita. Sikuvunja kitu, sikujibu watu vibaya, sikuchelewa kurudi usiku. Kwa muda mrefu nilijihesabu kuwa mgeni mwema.

Katika msiba wake, binti yake alinambia kwa wema kabisa: "Mama akikusifu sana. Akisema, mtoto yule hana tabu." Kisha akacheka kidogo, akaongeza: "Wala ndoo moja ya maji hakuwahi kunichotea."

Maneno hayo sikuyasahau. Nimejaribu kujitetea kwa mfano wa kaa: naye hachimbi, wala hapepei, na hapana anayemlaumu. Utetezi huo haukusimama. Kaa hajui kwamba maji yanayompitia yanapepewa na mwengine. Mimi nikijua. Kila alfajiri, nikiwa bado kitandani, nikimsikia shangazi akipepea jiko la makaa ili nipate chai kabla ya skuli. Nilisikia, nikajigeuza upande wa pili.

Kutodhuru, basi, kunamtosha asiyejua. Anayejua amekwisha kuwa na deni, hata kama mwenyeji wake halihesabu.

Wazee wetu wamesema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Zamani niliyaona maneno haya kuwa ni ya kumsuta mgeni. Siku hizi nayaona kuwa ni heshima: jembe ndilo linalomtoa mtu katika ugeni. Shangazi hakunipa jembe, kwa huruma yake. Mimi ndiye niliyepaswa kuliomba.