Moyo Umejifunza Wapi?

Watu wa hapa tunapeana mashauri mawili yanayogombana. La kwanza: sikiliza moyo wako. La pili: jizuie, subiri, usikurupuke. Mtu mmoja anaweza kukupa la kwanza asubuhi na la pili jioni, wala haoni shida. Mimi naiona. Siku moyo unasema nenda na akili inasema kaa, nani amtii mwenzake?

Nataka kulitazama swali hili kupitia mchezo wa karata unaoitwa poka. Najua kuna watakaokunja uso. Kwa Waislamu kamari ni haramu, na makanisa mengi yanaikataza pia. Sina ugomvi nao, na simwiti mtu kuweka pesa ya chakula mezani. Vijana ninaowaona wakicheza poka wanaicheza kwenye simu, kwa sarafu za bure ambazo hazinunui hata kiberiti. Lakini mchezo huu una jambo ambalo michezo mingine haina, ndo maana nauchukua.

Katika mashindano ya poka kila mtu analipa kiingilio na kupewa sarafu za plastiki sawa na wenzake. Sarafu hizo si pesa. Huwezi kuinuka katikati ukaenda kuzibadilisha. Zikiisha, umetoka. Halafu dau la lazima linapanda kila baada ya muda, kwa hiyo anayekaa kimya akingoja karata nzuri analiwa polepole. Ukicheza kila karata unakufa haraka, usipocheza unakufa taratibu. Inafanana kidogo na maisha ya kambini, lakini hilo tuliache.

Nidhamu kwanza. Mchezaji mzuri anatupa zaidi ya nusu ya karata anazopewa, hata bila kuzicheza. Saa nzima inaweza kupita yeye anatupa tu, huku jirani yake anacheka na kuvuta sarafu. Haina utamu kabisa. Na hata siku anapopata ree mbili, ambazo wengine huziita asi, yaani mkono bora kuliko yote wa kuanzia na unaokuja wastani wa mara 1 katika 221, bado hana uhakika. Ree mbili dhidi ya karata zozote za mtu mmoja hushindwa kama mara 15 katika 100. Umefanya sawa kila kitu, umengoja, umeweka zote, na umetoka.

Hapo ndipo watu huharibika. Wamarekani wana neno maalumu kwa mchezaji aliyevurugwa na pigo kama hilo, neno walilolitoa kwenye zile mashine za kuchezea mpira wa chuma ambazo ukizitikisa kwa hasira zinakatisha mchezo. Mtu aliyefika hapo anacheza kulipiza kisasi. Na ukimuuliza, atakuambia anafuata moyo wake! Hasira haijitambulishi kwa jina lake, na woga pia. Vyote viwili huja vimevaa nguo za moyo.

Sasa tuje kwa moyo wenyewe. Wengi wanaoujua mchezo huu wanasema Stu Ungar alikuwa na kipaji kuliko karibu wote waliowahi kuucheza. Alishinda shindano kuu la dunia, Las Vegas, mwaka 1980, tena 1981, tena 1997. Alimwangalia mtu na kujua ameshika nini. Novemba 1998 alikutwa amekufa katika chumba cha nyumba ya wageni ya bei rahisi mjini humohumo, umri miaka 45, mfukoni ana chini ya dola 1,000. Mwaka mmoja tu nyuma alikuwa ameshinda dola milioni 1. Dawa za kulevya zilimla, hilo linajulikana. Linalonishika mimi ni lingine: pesa aliyoipata mezani aliimwaga kwenye farasi na mechi za michezo. Mtu yuleyule, kujiamini kulekule. Mezani moyo wake ulikuwa unajua, kwenye farasi ulikuwa unabahatisha, na yeye hakusikia tofauti. Sauti ilikuwa moja.

Kwa nini moyo ujue pale na usijue hapa? Mtafiti Gary Klein aliwahi kueleza habari ya kiongozi wa wazima moto aliyeingia na wenzake katika nyumba inayoungua, akahisi kitu hakiko sawa, akaamuru wote watoke. Punde sakafu ikaporomoka. Moto wenyewe ulikuwa chini, kwenye chumba cha ardhini. Yeye aliamini ana hisia ya ajabu. Walipochunguza vizuri waliona kwamba sebule ilikuwa na joto kupita kiasi na moto ulikuwa kimya kuliko kawaida, na mwili wake wenye uzoefu wa miaka mingi uliyasoma hayo kabla mdomo haujapata maneno. Baadaye, mwaka 2009, Klein aliandika makala pamoja na Daniel Kahneman, ambaye kwa kawaida hakuamini sana hisia za wataalamu. Walikubaliana kwamba moyo unaaminika penye masharti mawili: mambo yenyewe yawe na mpangilio wa kweli, na mtu awe amepata nafasi ya kujifunza, yaani kuambiwa mapema na wazi kwamba hapa ulipatia, hapa ulikosea.

Meza ya poka, angalau mara nyingi, inatimiza hayo. Karata zinafunuliwa. Duka la kubeti halitimizi. Unabonyeza, unapata au unakosa, na aliyeweka bei amekwisha kukata faida yake. Kijana anayesema "nahisi leo itatiki" ana hisia kweli, simkatalii. Ila hisia hiyo haijasoma shule yoyote.

Hapa niwageukie ninyi ndugu zetu wa mashirika na ofisi, maana nanyi mnaishi kwa hisia. Mtu anaingia kwenye intavyuu, anasimulia alivyokimbia, anachanganya tarehe, anakwepa macho. Afisa anahisi: huyu anadanganya. Amehoji mamia, anajiona mzoefu. Lakini aliyemkataa haonekani tena. Hakuna siku karata zinafunuliwa ili aambiwe yule wa Jumanne alikuwa anasema kweli. Mwaka 2006 Bond na DePaulo walikusanya tafiti nyingi juu ya kutambua uongo kwa kumtazama na kumsikiliza mtu, wakapata wastani wa asilimia 54. Kurusha shilingi juu kunakupa 50. Miaka 20 ya kazi bila majibu haizai moyo unaojua, inazaa moyo unaojiamini tu. Afisa wa namna hiyo namwomba nidhamu: aulize tena, asome habari za eneo lile, aangalie mkalimani ametafsiri nini. Inachosha kama kutupa karata saa nzima, ndiyo.

Hata hivyo sitaki kuufanya moyo mtumwa. Mwaka 2003, katika fainali ya shindano hilohilo la Las Vegas, walibaki wawili: Sam Farha, mchezaji wa kazi, na Chris Moneymaker, mhasibu aliyeingia kwa kushinda nafasi kwenye intaneti. Moneymaker alikuwa anasubiri shupaza, haikuja. Akaweka zote akiwa na karata tupu. Farha alikuwa na jozi ya tisa, mkono uliokuwa unashinda. Akasita, hata akasema kwa sauti kwamba mwenzake labda amekosa karata aliyoingoja. Alikuwa ameuona ukweli! Halafu akatupa. Moneymaker akaondoka na dola milioni 2.5.

Wengi husema Farha alikosea kwa kutousikiliza moyo. Mimi nasita. Moyo wake ulikuwa na shule, nakubali, na pengine ulistahili kutiiwa. Lakini sisi tunasema hivyo kwa sababu televisheni ilituonyesha karata zote. Yeye alikuwa na dakika chache na migongo ya karata mbili.

Tunafanya hivyohivyo sisi kwa sisi, na hapo naona tunaumizana. Aliyevuka mpaka Jumamosi tunamwita mwenye akili. Jirani yake aliyebaki mpaka Jumatatu, akauawa, tunasema alikuwa mbishi, tena tunayasema mbele ya mjane wake, kwenye foleni ya maji. Kumbe hakuna aliyeona karata ya Jumapili. Huyo aliyebaki alikuwa na mama asiyeweza kutembea na shamba lililokaribia kuvunwa, na mara nne huko nyuma alisikia risasi ng'ambo ya mto, akakaa, na zikapita. Moyo wake ulikuwa umejifunza, na hayo ndiyo ulifundishwa.