Kabla Hujakiacha Kiti

Ndugu diwani uliyeapishwa juzi, kabla hujazoea kuitwa mheshimiwa, ujue habari za Mwingereza George Lansbury.

Mwaka 1921 alikuwa diwani wa Poplar, manispaa ya makuli wa bandarini mashariki mwa London. Kazi zilikuwa zimeadimika, na sheria ilitaka kila manispaa iwasaidie maskini wake kwa kodi yake yenyewe. Basi penye maskini wengi ndipo kodi ilipopanda, huku matajiri wa magharibi mwa jiji wakitozwa kiasi kidogo. Madiwani wa Poplar wakagoma kukusanya michango ya mamlaka za jiji zima. Wakafungwa 30, wake kwa waume. Waliendesha vikao vya baraza humo humo katika gereza la Brixton, na wenzao wanawake waliletwa kutoka gereza la Holloway kuhudhuria. Baada ya wiki kama sita wakaachiwa, na Bunge likapitisha sheria ya kuugawa mzigo ule London nzima. Haki hiyo haikupatikana bure: Minnie Lansbury, mke wa mwana wa George, aliyefungwa pamoja nao, alifariki kwa nimonia Januari 1922. Alikuwa na miaka 32 tu.

Nakuomba uangalie hili: Lansbury hakwenda jela peke yake. Walikubaliana kwanza, na watu wa Poplar walijua sababu.

Miaka tisa nyuma alikuwa amefanya vingine. Mwaka 1912, akiwa mbunge wa Bow and Bromley, alijiuzulu ghafla ili agombee upya kwa hoja ya haki ya wanawake kupiga kura. Chama chake cha Labour hakukishirikisha. Akashindwa, na hakurudi bungeni hadi 1922. Namheshimu kwa moyo ule, lakini wanawake aliowatetea ndio waliompoteza msemaji.

Nawe siku ya msimamo itakufika. Usijifungie na dhamiri yako. Ita mkutano wa mtaa, waeleze hasara itakayowapata wao, kisha uwasikilize. Ukishindwa kuwashawishi, na moyo ukakukatalia kabisa, fanya alivyofanya Lansbury mwaka 1935. Alikuwa kiongozi wa Labour, naye hakuamini vita kwa hali yoyote. Alilisema hilo waziwazi mbele ya mkutano mkuu, wajumbe wakaamua vingine, akamwachia uongozi Clement Attlee, akaendelea kuwatumikia watu wa Bow and Bromley hadi alipofariki mwaka 1940.