SIGARA, ADA YA SHULE NA SWALI LINALOFAA KUJADILIWA



Wiki iliyopita nilipata ujumbe kutoka kwa mwanafunzi mmoja wa TYCS, yupo kidato cha tatu, nyumbani kwao ni mkoa wa Tabora. Mwalimu wao amewapa kazi: kila mmoja achague hoja ya kujadilika kuhusu sigara, aiwasilishe mbele ya darasa. Yeye alipeleka mada “Sigara ina madhara kwa afya”. Mwalimu akaikataa, akamwambia hiyo si hoja. Akaniuliza, “Frateri, kwani sigara ina uzuri gani mpaka tuijadili? Na mimi nitasimamaje kuisema vibaya wakati baba analima tumbaku, na ada yangu inatoka humo humo?”

Nimemwomba ruhusa nijibu hapa, maana naamini hayuko peke yake.

Tuanze na mwalimu. Mwalimu yuko sahihi. Mwanafalsafa Aristotle, katika kitabu chake kiitwacho Topics, anasema si kila swali linastahili mjadala. Anayeuliza kama theluji ni nyeupe anahitaji macho tu. Na anayeuliza kama inafaa kuwapenda wazazi, huyo anahitaji adhabu. Yaani huyo ni wa viboko, si wa mdahalo! Sasa, kwamba sigara inaua, hilo ni la kufungua macho. Shirika la Afya Duniani linasema tumbaku inaua zaidi ya watu milioni 7 kila mwaka, na zaidi ya milioni 1 kati yao ni watu wasiovuta, wanaopokea tu moshi wa wenzao. Hapo unajadili nini? Darasa zima litakuwa upande mmoja, mtapiga makofi na kurudi kukaa.

Swali la kujadilika lina alama yake: watu wawili wenye akili timamu na nia njema wanaweza kutofautiana, na kila mmoja akawa na kitu cha kweli mkononi. Kwa mfano, sheria ya Kenya ya mwaka 2007 inakataza kuuza sigara kwa pakiti yenye chini ya sigara 10. Lengo ni zuri, kijana mwenye sarafu moja asiipate kirahisi. Lakini yule mama wa kibanda anayeishi kwa kuuza moja moja, je? Hapo pana mjadala.

Ila wewe, dada yangu wa Tabora, huna haja ya kwenda mbali. Swali lako umeshaliandika bila kujua: Je, ni halali kwa Mkristo kuishi kwa kulima tumbaku? Hilo ndilo ningekushauri uchukue.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino alikuwa na utaratibu ambao tunafundishwa hadi leo. Kabla hajasema lake, anaweka kwanza hoja za wanaompinga, na anaziweka kwa nguvu zake zote, kisha ndipo anajibu. Hebu tufanye hivyo.

Upande wa kwanza: ni halali. Mkulima hamlazimishi mtu kuvuta. Anachotaka ni kulisha watoto. Zao lina soko, pembejeo anakopeshwa kupitia chama cha msingi, na mara nyingi ndilo zao pekee linalompa fedha taslimu ya mkupuo. Maadili ya Kanisa yanatofautisha kati ya anayetaka ubaya na anayeugusa kwa mbali bila kuutaka. Mkulima wa Urambo hayuko sawa na mwenye kiwanda anayepanga namna ya kuwanasa vijana wapya.

Upande wa pili: si halali. Jani lile linajulikana linakokwenda. Isitoshe, madhara yanaanza shambani: ukishika majani mabichi yenye umande, nikotini inapenya kwenye ngozi, unapata kichefuchefu na kizunguzungu. Watoto nao wapo kwenye mistari hiyo hiyo. Miti ya miombo inakatwa kukaushia majani kwenye mabani. Na Papa Fransisko alisimamisha uuzaji wa sigara Vatikano kuanzia mwaka 2018, ingawa ulikuwa unaingiza fedha nyingi, kwa sababu Kanisa haliwezi kushirikiana na jambo linaloharibu afya wazi wazi. Kama Vatikano iliacha, kwa nini sisi tusiache?

Umeona? Pande zote mbili zina ukweli. Sasa twende kwenye Neno la Mungu.

Biblia ina watu wawili wa kutusaidia. Wa kwanza ni Demetrio, yule mfua fedha wa Efeso (Mdo 19). Injili ilipoigusa biashara yake ya vihekalu vya fedha, hakuuliza kama Paulo anasema kweli. Aliuliza tu utajiri wao utakuwaje, akakusanya wenzake, mji ukajaa ghasia. Wa pili ni wale watoza ushuru waliomwendea Yohane Mbatizaji (Lk 3). Nao walikuwa na kazi yenye lawama. Lakini wao waliuliza, tufanye nini? Na Yohane hakuwafukuza. Hakuwaambia waache kazi siku ile ile. Aliwapa hatua moja ya haki ya kuanzia, pale pale walipokuwa wamesimama: wasitoze zaidi ya kiwango walichopangiwa.

Jamani, tofauti iko hapo. Demetrio na mtoza ushuru wote walikuwa na kazi iliyowapa riziki. Mmoja aliziba masikio, mwingine aliuliza.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Simhukumu baba yako, na wewe usimhukumu. Amri ya Nne haijadiliwi, hata Aristotle mpagani aliliona hilo. Lakini kumheshimu baba si kunyamaza. Unaweza kumuuliza kwa adabu: Baba, wadogo zangu wanaweza wasishike majani mabichi? Msimu huu tunaweza kupanda miti badala ya ile tuliyokata? Ekari moja tukijaribu alizeti au karanga, au tukaweka mizinga? Asali ya Tabora si inasifika!

Na mzigo huu si wa baba peke yake. Wewe umesoma kwa tumbaku. Parokia hupokea zaka ya tumbaku. Serikali hupokea kodi. Wote tuliokula matunda yake tunapaswa kuuliza pamoja, tufanye nini? Ni dhulma kumwachia mkulima dhambi sisi tukabaki na risiti.

Kijana mwenzangu, juma hili chukua swali moja la nyumbani kwenu ambalo huwa unalikwepa kwa sababu linagusa mkate wenu. Andika hoja za upande usioupenda mpaka mwenye upande huo akisoma aseme, “Ndiyo, umenielewa.” Halafu piga magoti mbele ya Ekaristi na uulize kama watoza ushuru. Ukipewa hatua moja, ianze.

Roho wa Kweli akuongoze. Tafakari njema!